Barua kwa Mwanangu Kuhusu Bi Addie na Bwana Louis

Lindi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo na kwa wajukuu zangu. Mimi ni mzima, na kitabu ulichonitumia nimekimaliza. Katika karatasi uliyoiweka ndani yake uliniuliza mambo mawili: kama Bi Addie alikosea kumtii mwanawe na kuachana na Bwana Louis, na kama ningekuwa mimi ningefanya nini. Ukaongeza kwamba wewe ulimwona mama dhaifu. Nimeona nikujibu kwa barua wala si kwa simu, kwa sababu maswali ya namna hii hayajibiki mtu akiwa jikoni na chungu kiko motoni.

Nianze na kitabu chenyewe, ili tujue tunazungumza jambo lile lile. Our Souls at Night ni riwaya ya mwisho ya Kent Haruf wa Colorado, Marekani. Aliiandika akiwa mgonjwa, katika miezi yake ya mwisho. Alifariki mwaka 2014 na riwaya ikatoka mwaka 2015. Nilipolijua hilo nilielewa kwa nini hakuna neno la ziada ndani yake, na kwa nini hata alama za kufungua na kufunga maneno ya wahusika hakuziweka. Mwanzoni kukosekana kwake kulinitatiza, maana miaka yote nimewasahihisha wanafunzi kwa alama hizo, lakini baada ya kurasa chache nikawa nawasikia wale wawili wakizungumza bila mtu wa tatu kati yao. Mji wa Holt ameubuni yeye, ila mtu wa Lindi hauoni mgeni: ni mji mdogo, kila mtu anamjua mwenzake, na habari ya usiku hufika sokoni kabla ya jua kuchomoza vizuri.

Katika mji huo Addie, mjane wa miaka 70, anakwenda kwa jirani yake Louis, mgane aliyekuwa mwalimu kama mimi, na kumwomba awe anakuja kulala kwake. Hasemi habari za mapenzi. Anataka mtu wa kuzungumza naye gizani mpaka usingizi umchukue, kwa kuwa usiku ndio unaomshinda. Louis anafikiri, anakubali, na jioni ya kwanza anatia nguo zake za kulalia na mswaki katika mfuko wa karatasi, anapita kichochoroni na kubisha mlango wa nyuma ili watu wasimwone. Addie hakuridhika na jambo hilo. Alimtaka apite mlango wa mbele, akasema kwamba ameamua kutojali tena watu watasema nini.

Hapo nilikifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda. Wewe umekulia nyumba hii, unajua mlango wa uani ni wa nani na wa barazani ni wa nani. Anayekuja kwa haki hupiga hodi barazani, mbele ya wazee wanaocheza bao na wanawake wanaouza samaki wa kukaanga, na kila mmoja anajua amekuja kwa jambo gani. Sitakuficha kwamba mimi ni Mwislamu, na kulala pamoja bila ndoa sikukukubali, hata kwa watu wa miaka ile na nia ile. Kwetu wangeoana, jambo likaisha: posa, mahari hata kama ni msahafu na kanga, watu wachache baada ya swala ya alasiri. Lakini nia ya Addie naielewa kabisa, kwa sababu nikahi nayo ni kupita mlango wa mbele. Alitaka jambo lake lionekane, lisije likawa la kunong'onwa.

Sasa swali lako la kwanza. Addie hakuwa dhaifu, mwanangu. Watu wa Holt walimsema, hakutikisika. Holly, binti ya Louis, alilalamika, na bado wale wawili waliendelea. Aliyemshinda ni Gene, mwanawe wa kumzaa, na hakumshinda kwa hoja. Alimshinda kwa kumshika mjukuu. Kumbuka kwamba Gene mwenyewe ndiye aliyempeleka Jamie kwa bibi yake msimu ule wa joto, ndoa yake ilipokuwa inavunjika. Mtoto alifika akilia usiku, asiyejua la kufanya na siku nzima isipokuwa kushika simu yake. Louis akamfundisha kurusha na kudaka mpira, wakaenda kumchukua mbwa kutoka mahali wanapotunzwa mbwa wasio na wenyewe, wakapiga kambi milimani. Mtoto alipona mikononi mwa yule yule mzee ambaye baba yake alimwona mwovu. Kisha Gene akaja na sharti lake: ama Louis, ama Jamie.

Simchukii Gene, na nadhani mwandishi pia hakumchukia. Alikuwa mtoto mdogo dada yake Connie alipogongwa na gari wakicheza pamoja, na baada ya hapo baba yao hakumtazama tena kama zamani. Mtu aliyekua hivyo anaweza kuhesabu kila upendo wa mama yake kuwa ni haki yake iliyocheleweshwa. Naielewa huzuni yake. Ila huzuni haikumpa mamlaka ya kumpangia mama yake ajibizane na nani usiku, na kumtumia mtoto wa miaka sita kuwa kamba ya kumfungia bibi yake ni jambo ambalo sitalitetea mbele ya mtu yeyote.

Usidhani haya ni ya Marekani peke yake. Nilipokuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, nilisikiliza zaidi ya shauri moja lililoanza na watoto wazima kulalamikia ndoa ya mama yao. Neno la kwanza lilikuwa aibu siku zote. Ukiuliza kidogo tu, aibu inaondoka na inabaki mikorosho. Kwa mirathi ya Kiislamu mume hurithi robo ya mali ya mkewe aliyeacha watoto, na robo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwakosesha usingizi. Nafuu yake ipo na si ngumu, kwani mama anaweza kuwagawia watoto mashamba kwa hiba angali hai, mbele ya mashahidi, kisha akaolewa bila mtu kuogopa. Lakini kulisema hilo waziwazi kunamlazimu mtoto akiri kwamba alikuja kwa ajili ya shamba.

Mama mmoja, ambaye sitamtaja, aliulizwa na hakimu kama ana la kusema. Alisimama, akaikaza kanga yake kiunoni, akasema kwamba wanawe huja msimu wa korosho, wakapima magunia, wakaondoka. Huyo mzee anayetaka kumwoa yeye huja hata siku ambazo hakuna cha kupima. Akakaa. Sijapata kusikia ushahidi mfupi kuliko ule. Sheria ilikuwa upande wake, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inamwacha mjane huru kukaa anakotaka na kuolewa tena na amtakaye, bila kujali mila inasema nini, ila Mwislamu amalize edda kwanza. Alishinda shauri. Sijui kama aliwapata tena wanawe, na ndiyo maana nasema sheria haifiki mahali Gene alipofika. Hakuna hakimu anayeweza kuamuru mtoto aje kumwona mama yake kwa moyo mkunjufu.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo nitalijibu bila kuzunguka. Sijaposwa na mtu, wala simtafuti mtu. Edda ya marehemu baba yako niliikaa miezi 4 na siku 10, na tangu hapo mchana haujanishinda hata siku moja. Mchana una shamba, una mikutano ya kikundi chetu cha akina mama, una watoto wa jirani wanaokuja kusomeshwa Kiingereza. Baada ya isha ndipo wenye nyumba hufunga milango, nami nikafunga wangu. Kusi ikivuma na mabati yakianza kulia, huwa nageuka kumuuliza baba yako kama dirisha la uani limefungwa. Miaka yetu yote nilikuwa namuuliza, naye alikuwa anajibu bila kufumbua macho, na nusu ya mara hizo alikuwa hajui, anajibu tu. Hayo ndiyo mazungumzo ambayo Addie alikuwa akiyatafuta. Wazee waliposema upweke ni uvundo, naamini walikuwa wanausema usiku.

Kwa hiyo, akija mtu mwenye heshima zake, akapiga hodi barazani, nami nikaridhika naye, nitakuambia wewe na kaka yako kabla jirani yeyote hajajua. Nitawaambia, sitawaomba ruhusa. Wajomba zako nitawaita wakae, kama ukoo wetu unavyotaka, nao najua watanisikiliza. Lakini mkiniambia kwamba kuanzia siku hiyo wajukuu sitawaona, mwanangu, nami nitafanya kama alivyofanya Addie. Nitamwacha mtu huyo. Nitawafuata wajukuu, na usiku nitampigia simu kwa siri, kama Addie alivyokuja kufanya alipokuwa ameshavunjika nyonga na kuhamia mji wa mwanawe. Kwa nini umwite dhaifu? Alipimwa kwa kitu ambacho hakuna bibi anayeweza kukibeba, na aliyemwekea mzani ni mwanawe.

Ndiyo maana naona swali lako umemuuliza asiyepaswa kuulizwa. Mimi jibu langu unalijua tangu ulipojifungua mtoto wako wa kwanza nikaja Dodoma kukukandia tumbo. Linalobaki ni wewe na kaka yako mtafanya nini siku hiyo ikifika, na sitaki mnijibu haraka.

Kaka yako anakuja Desemba. Kitabu nitampa yeye akisome hapa hapa nyumbani, jioni tukishamaliza kula. Nakuomba usimsimulie mwisho wake kwenye simu.

Ni mimi mama yako