Muulize Wakili: Mlinzi kanifungia stoo akidhani nimeiba, naweza kudai?

Barua za mwezi huu zimenijia na swali moja kwa sura tofauti: mtu kaniumiza, polisi nimeenda au sijaenda, sasa mimi mwenyewe napata nini? Hapo tunaongelea madai ya madhara, wanasheria tunaita toti, yaani wewe unamdai aliyekutendea ubaya akulipe fidia, siyo Jamhuri kumpeleka jela. Nimechagua barua nne, majina nimeyatoa.

Dada wakili, habari za kazi. Wiki tatu zilizopita nilienda supamaketi moja hapa Dar kununua maziwa ya mtoto, natoka tu mlangoni mlinzi akanishika mkono kwa nguvu "wewe mwizi rudi ndani", watu wako foleni wote wananiangalia. Wakanipeleka stoo wakafunga mlango kwa nje, simu wakachukua, nimekaa humo kama masaa mawili na mtoto nimemwacha kwa jirani. Baadaye meneja akaja, kaangalia risiti yangu na kamera, akasema samahani dada nenda tu. Polisi wananiambia hiyo ndogo mkamalizane. Sijaumia popote ila mtaani mpaka leo wananiita jina la ajabu. Kuna kesi hapo? (Msomaji, Mbagala)

Pole sana mdogo wangu. Kesi ipo, tena siyo moja. Kukushika mkono bila ridhaa yako ni shambulio. Kukufungia stoo ni kumnyima mtu uhuru wake isivyo halali. Na kukuita mwizi mbele ya foleni nzima ni kashfa, tena kashfa ya kumsingizia mtu kosa la jinai, ambayo huhitaji hata kuonyesha umepoteza hela kiasi gani.

Hayo mawili ya kwanza yanaingia kwenye fungu la makosa ya makusudi, na hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa, wanadhani lazima mlinzi awe na chuki na wewe au awe amepanga kukudhalilisha tangu asubuhi. Hapana. Inatosha kwamba alitaka kukushika akakushika, na alitaka mlango ufungwe akaufunga. Kwamba kweli kabisa aliamini umeiba haimwokoi kirahisi hivyo. Sheria yetu inamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, lakini akishamkamata anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa, siyo kumweka kati ya maboksi ya sabuni masaa mawili wakati risiti anayo mkononi na kamera iko juu ya kichwa chake!

Kingine kizuri kwako ni kwamba kwenye shambulio na kufungiwa huhitaji kidonda wala PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, ndo uwe na madai. Kitendo chenyewe ndo kosa. Ukiwa umeumia fidia inaongezeka, usipoumia bado unastahili kitu.

Umdai nani? Mlinzi peke yake utapoteza nguvu tu, mshahara wake sote tunaujua. Mwajiri anabeba makosa ya mfanyakazi wake aliyoyafanya akiwa kazini, kwa hiyo kampuni ya ulinzi iliyomwajiri inaingia, na supamaketi nayo unaiunganisha kama stoo ni yao na meneja wao alijua uko ndani. Watatupiana mpira, waache watupiane mahakamani.

Ila fanya haraka jambo moja, leo ikiwezekana: waandikie barua, wasaini kupokea, uwatake watunze picha za kamera za siku ile. Kamera nyingi zinafuta picha zenyewe baada ya siku kadhaa halafu mnabaki neno lako na neno lao. Tafuta na mtu hata mmoja aliyekuwa kwenye ile foleni. Na hao polisi waliosema ndogo wasikukatishe tamaa, kesi ya madai haisubiri wao wafungue jinai, na kiwango cha ushahidi kiko chini, hakimu anaangalia maelezo ya nani yanaelekea zaidi kuwa kweli.

Shikamoo wakili. Huku Kibaha jirani yangu anachoma takataka pembeni kabisa ya uzio. Nimemwambia zaidi ya mara moja mzee mwenzangu huu upepo utatuletea balaa, anacheka tu, anasema amechoma hapo miaka yote. Siku ya siku moto ukaruka, banda la kuku likateketea na kuku wote. Anasema hakukusudia, ni upepo wa Mungu. Mjumbe alitukalisha akaahidi atalipa, sasa mwaka wa pili huu kila siku "mwezi ujao". (Mzee wa kuku)

Shikamoo nakurudishia mzee wangu, wewe ndo mkubwa. Nakubali kwamba hakukusudia, na hilo halimsaidii chochote, kwa sababu wewe humdai kwa makusudi, unamdai kwa uzembe. Kwenye uzembe mahakama haiulizi ndani ya moyo wake kulikuwa na nini, inauliza mtu wa kawaida mwenye tahadhari zake angechoma taka pale, na ule upepo, baada ya kuonywa?

Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1837, Vaughan na Menlove, utadhani inamsema jirani yako. Bwana Menlove alirundika nyasi kavu karibu na mpaka, watu wakamwonya wiki baada ya wiki kwamba zitashika moto, akasema yeye atabahatisha. Zikashika moto kweli, nyumba za jirani zikaungua. Utetezi wake ulikuwa kwamba alitumia akili yake kadiri alivyojaliwa. Mahakama ikakataa, kipimo ni busara ya mtu wa kawaida, siyo akili ya kila mmoja alivyopewa, maana hapo ungehitaji sheria tofauti kwa kila mtu. Kesi za namna hii bado tunazitumia, maana sheria yetu ya madhara kwa sehemu kubwa ni ile tuliyorithi kwa Waingereza, ile iliyokuwepo kwao mpaka tarehe 22 Julai 1920, na za baadaye zinasaidia kama mwongozo.

Sasa mzee, shida yako kubwa siyo sheria, ni karatasi. Hasara unayoitaja kwa hesabu lazima uitaje kwenye hati ya madai na uithibitishe, Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo kwenye kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992. Usiende na karatasi umeandika kwa mkono "kuku wangu wote, milioni kadhaa". Nenda na risiti za vifaranga, za chakula, za mabati, picha za banda kabla na baada, na yule mjumbe aje aseme alisikia ahadi. Jirani naye atasema banda ulilibananisha na uzio, jiandae, mahakama ikimwelewa inaweza kukupunguzia fidia kwa sehemu yako ya lawama.

Na muda! Madai ya namna hii mwisho wake ni miaka 3 tangu tukio. Wewe umeshakula karibu miwili ukisubiri "mwezi ujao", na ahadi za kwa mjumbe zisikudanganye kwamba kalenda imesimama.

Wakili, baba yetu tulimpeleka zahanati ya serikali usiku, anatapika na kifua kinabana. Mhudumu hakutoka hata kumwangalia, alisema dirishani mleteni asubuhi. Alfajiri akafariki. Ndugu wengine wanasema tushtaki, wengine wanasema ni ahadi yake imefika.

Poleni sana wanangu, Mungu amrehemu mzee. Nitasema ukweli hata kama unauma. Mgonjwa akishafika mlangoni, mhudumu ana wajibu kwake, na kumrudisha bila hata kumgusa kunaonekana wazi ni uzembe. Lakini hamjamaliza, lazima muonyeshe kwamba uzembe ule ndo uliosababisha kifo.

London, usiku wa kuamkia 1966, walinzi watatu walikunywa chai wakaanza kutapika, wakaenda hospitali, daktari akatuma ujumbe kwa simu warudi nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja akafa, ikagundulika chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mahakama ikasema ndiyo, alipaswa kuonwa, na kutomwona ni uzembe, ila hata angelazwa palepale dawa isingemuwahi. Familia ikashindwa.

Kwa hiyo swali lenu ni: baba alikufa kwa nini, na je angepokelewa usiku ule angepona? Hilo halijibiwi na wakili wala shemeji, linajibiwa na daktari bingwa akiwa na ripoti ya uchunguzi wa mwili. Kama mlizika bila uchunguzi safari itakuwa ngumu, siyo kwamba haiwezekani.

Mkiamua kwenda, sheria inawaruhusu wategemezi, yaani mjane, watoto na wazazi, kudai kwa ajili ya kifo. Ila huyu ni Serikali, lazima kwanza mtoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, na yeye aunganishwe kwenye kesi. Wengi kesi zao zinafutwa hapa hata kabla hazijasikilizwa. Na hata mkiacha kesi, malalamiko kwenye baraza linalosimamia taaluma ya huyo mhudumu hayahitaji hiyo notisi.

Mambo wakili! Nimenunua soda ndani naona mdudu anaelea, sijafungua. Nidai milioni ngapi? (Kijana wa Sinza)

Poa mdogo wangu. Mamilioni hayapo. Unamkumbuka yule mama wa kule Scotland, aliyedai kinywaji cha tangawizi kilikuwa na konokono aliyeoza? Mwaka 1932 majaji wakasema mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji hata kama hawajawahi kuuziana kitu, na hapo ndo uzembe wa kisasa ulipozaliwa. Lakini yule alisema amekunywa na akaugua. Wewe umeona tu. Dada wa Mbagala hapo juu hahitaji kuumia kwa sababu alitendewa kwa makusudi, kwenye uzembe bila madhara hakuna dai. Rudisha dukani wakupe nyingine au hela yako, au ipeleke TBS, shirika la viwango, ikiwa na kizibo chake hivyohivyo, na usiifungue ili umpigie mdudu picha.