Papasa Uzi Kabla Hujarusha Tena

Jumamosi iliyopita tulikuwa mashuani tukivua samaki trauti; nilikaa tezi, kijana wa watu kakaa omo, na kila baada ya muda mfupi nasikia, "Kaka, uzi umejisokota." Umejisokota wapi? Umeusokota wewe. Msimu wa trauti huku Uskoti unafunguliwa tarehe 15 Machi na kufungwa tarehe 6 Oktoba, na sina nia ya kuyarudia maneno yaleyale kila wikendi mpaka hapo. Basi nimeyaandika. Yasomeni, halafu tuonane majini.

1. Kibali kwanza. Uskoti haina leseni ya taifa ya kuvua kwa fimbo kama ilivyo England, na wengi wenu mkishasikia hivyo mnadhani maji ni ya bure. Si ya bure. Kila ziwa lina mwenye haki ya uvuvi, na ruhusa inatoka kwake. Kule Assynt, kaskazini-magharibi ya Uskoti, mnawalipa wakulima wenyewe kupitia shirika lao, Assynt Crofters' Trust. Walichangisha fedha wakainunua ardhi waliyokuwa wakiilima kama wapangaji, mwaka 1993, kwa hiyo pesa ile mimi huitoa kwa roho safi kabisa.

2. Msijitome majini. Trauti wa ziwa dogo anakula ukingoni, kwenye maji ya magoti, ambako mwanga unafika chini na wadudu wamejaa. Nyinyi mnafika, mnavaa suruali za mpira, mnaingia mpaka kiunoni, kisha mnarusha kwa nguvu zote kuelekea katikati ambako hakuna kitu. Samaki mlishamkanyaga. Simama hatua mbili nyuma ya ukingo, rusha mita chache kufuata mawe, ndipo usogee. Kijana mmoja wa Nyeri alinibishia kwamba kwao, kwenye milima ya Aberdare, hawavui hivyo, na trauti anamfahamu tangu utotoni. Nikamwambia trauti wa kwao asili yake ni hukuhuku: mayai ya samaki wa Loch Leven, ziwa la huku Uskoti, yalipelekwa Kenya mwaka 1905, wakaanzishwa kwenye mto Gura. Akafikiri kidogo. "Kumbe ni jamaa zetu," akasema, "ndiyo maana wakiniona wanajificha, wanajua nimekuja kukopa." Nikakosa la kusema.

3. Nzi, yaani ndoana zilizofungwa manyoya na nyuzi zifanane na wadudu. Boksi lenye nzi mia mbili ni la kuoneshana tu. Kwenye maziwa ya milimani funga nzi watatu kwenye uzi mmoja: Kate McLaren juu, Soldier Palmer kati, Black Pennell mkiani, na uanze kazi. Samaki wakiwakataa, badilisha kina na kasi ya kuvuta kabla hujagusa boksi. Na mwisho wa kila mvuto mwache nzi wa juu acheze kidogo kwenye kiwimbi. Msimnyanyue kama mnakimbilia basi, maana samaki wengi humfuata mpaka karibu na mashua ndipo wanaamua.

4. Fundo la upepo. Hapa tulieni.

Nilikuwa Durness, kaskazini kabisa ya Uskoti, kwenye mojawapo ya yale maziwa ya mawe ya chokaa. Anayeyajua anajua: maji maangavu mpaka unahesabu mawe ya chini, samaki wachache lakini wakubwa, si kama wale wa maji meusi ya mboji ambako hata wa nusu ratili unampiga picha. Upepo ulikuwa umekaza. Mirusho yangu ya nyuma ilikuwa ya haraka haraka; sikungoja mshipi unyooke, nikawa nausukuma mbele mapema, na ndivyo fundo linavyozaliwa, nzi anapita ndani ya kitanzi cha uzi wake mwenyewe.

Nililigusa. Ndilo linaloniuma mpaka leo, maana ningekuwa sijui ningejisamehe. Nilikuwa napapasa nailoni, ule uzi mwembamba wa mwisho unaobeba nzi, kutoa jani, kidole kikapita juu ya kifundo kati ya nzi wa juu na wa kati. Wakati huohuo upande wa demani, upepo unakoelekea, samaki wameanza kupasua maji. Kukata na kufunga upya kwa vidole vilivyokufa ganzi, nikaona kutanichelewesha. Nikajiambia, mrusho mmoja, halafu nitalishughulikia. Mzee aliyekuwa ameshika makasia, mwenyeji wa hukohuko aliyenifundisha kazi hii, aliniona nimesita. Akanyamaza.

Mrusho uleule mshipi ukasimama. Nikainua fimbo, ikapinda mpaka kwenye mpini. Samaki akaingia chini ya mashua. Mzee akapiga kasia moja, tukageuka, nikampa mshipi, akaenda, akarudi, akaruka. Tukamwona ubavu mzima: manjano ya siagi, madoa meusi makubwa, mgongo mpana. Mzee alishachukua wavu. Kisha fimbo ikanyooka. Nilipovuta, nzi wa juu alikuwepo, na chini yake nailoni imekatika palepale, ncha imejikunja. Ncha ikijikunja vile ujue ni fundo, huna wa kumsingizia.

Kupoteza samaki mkubwa si habari, kila mtu anaye wake. Shida ni kwamba huyu aliondoka na nzi wawili na kipande cha uzi: ndoana moja mdomoni, nyingine inaburuta nje. Ile ya nje ikinasa kwenye majani ya chini, amefungwa pale mpaka afe. Na vijino vya ndoana, vile vichomo vya nchani vinavyoizuia isichomoke, sikuwa nimeviponda, kwa hiyo hata kuitema ingekuwa kazi. Mzee aliuweka wavu chini. "Uliligusa," akasema. Nikaitikia. Akatupeleka ufuoni, na siku hiyo hakuvua tena. Njia nzima garini alizungumzia bei ya kondoo.

Kwa hiyo kila baada ya mirusho michache pitisha vidole kwenye nailoni, toka nzi wa juu hadi wa mkiani. Ukigusa kitu, kata. Msiniambie mmelifungua; uzi uliokwisha kubanwa na fundo umeumia hata ukinyooka. Na vijino pondeni kwa koleo mkiwa bado nyumbani.

5. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza.

6. Miwani na kofia ni lazima. Mkiwa wawili mashuani kuna ndoana sita zinazopita karibu na masikio ya watu. Yule kijana wa Jumamosi alininasa kofia mara mbili, akaniomba radhi kwa adabu nikajua amelelewa vizuri, lakini ingekuwa jicho adabu isingetosha.

7. Hakuna kusimama mashuani, na jaketi okozi halivuliwi eti kuna jua. Najua wengine mmezaliwa Lamu na kuogelea mlijifunza kabla ya kutembea. Maji ya huku mwezi wa Aprili hayaulizi mtu kwao wapi. Baridi inakukata pumzi kabla hujapiga mkono wa kwanza.

8. Usubi. Jioni za kiangazi, upepo ukilala, wanatoka vichakani kwa maelfu na kuingia mpaka kwenye nyusi. Ndiyo maana mnatusikia wakongwe tunauombea upepo ambao nyinyi mnaulaani. Njooni na dawa ya kujipaka na wavu wa kichwa. Habari za "mimi nimekulia na mbu" nimezisikia sana, na wote waliozisema niliwakuta baadaye ndani ya gari, vioo wamefunga.