Maswali na Majibu: Usitoe 200 wakati Mambo Yameharibika

Seva ya tovuti ikijibu ombi hutanguliza namba ya HTTP inayosema mambo yamekwendaje; 200 maana yake "sawa". Maswali ya leo ni kuhusu namba hizo.

401 na 403 zinatofautianaje? (Msomaji, Morogoro)

401 ni seva inakuambia: sijakutambua, jitambulishe kwanza. 403 ni: ombi lako nimelielewa, lakini nakataa. Kwa hiyo ukikutana na 403 baada ya kuingia kwenye akaunti, kuandika nenosiri lile lile mara kumi hakusaidii. Omba ruhusa.

Tovuti inatoa 500. Nifanye nini?

Soma logi, yaani faili ambamo seva huandika matukio na makosa yake. Barua za namna hii zinaingia kila wiki, na hakuna hata moja yenye mstari wa logi. 500 inasema tu kwamba kuna kosa ndani ya seva, haitaji chanzo chake, nami siwezi kukiotea kutoka huku niliko.

502 na 504 si kitu kimoja? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Zote hutolewa na seva ya mbele, tuseme nginx, inapolalamikia programu iliyo nyuma yake. 502: programu imezimika au imejibu ovyo. 504: nimeisubiri mpaka muda ukaisha. Kwa kawaida nginx husubiri sekunde 60, na naona watu wanakimbilia kuweka 300. Msifanye hivyo. Tafuteni swala (query) la hifadhidata linalokwama. Mteja mwenye simu mkononi hasubiri dakika tano.

Mimi narudisha 200 siku zote, kosa naliandika ndani ya JSON, yaani maandishi ya data yanayobebwa na jibu. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Namba ya jibu husomwa na mashine kabla ya mtu yeyote kusoma maneno yako.

Niliwahi kusimamia duka la mtandaoni lililopokea malipo ya simu. Usiku mmoja diski ya hifadhidata ilijaa. Taarifa za malipo ziliendelea kuingia, msimbo wetu ukashindwa kuzihifadhi, ukaandika "imeshindikana" ndani ya jibu, lakini namba ikabaki 200. Mfumo wa malipo ulikuwa na utaratibu wa kutuma tena kila unapojibiwa kosa. Ulipoona 200 ukajua taarifa imefika, haukutuma tena. Wateja walikatwa pesa na oda hazikuwepo. Tulikesha tukilinganisha namba za miamala, mmoja mmoja, na taarifa ya akaunti. Tungerudisha 500, taarifa zile zingetumwa tena zenyewe.

Na ukurasa wa "samahani, haupo" nao usitoke na 200. Toa 404, au 410 kama umeuondoa moja kwa moja.

Nahamia anwani mpya: 301 au 302?

301 inasema "nimehama kabisa", 302 "nimehama kwa muda". Kama hurudi tena, 301. Ila jaribu kwanza kwa 302, kwa sababu vivinjari huikumbuka 301, na ukikosea anwani, wageni wako wataendelea kupelekwa kusiko hata baada ya kurekebisha. Kama anwani hiyo inapokea fomu, tumia 308, ambayo ni ya kuhama kabisa pia lakini haigeuzi aina ya ombi. Kwa 301, vivinjari hugeuza POST (ombi la kutuma data) kuwa GET (ombi la kusoma ukurasa tu), na alichojaza mtu kinapotea njiani.

418 ni ya nini?

Ni utani wa tarehe 1 Aprili 1998, wa buli linalokataa kuchemsha kahawa. Usiiweke kwenye mfumo wa kazi.

Tunafunga tovuti siku mbili kwa matengenezo. Tuweke 404?

Msithubutu! 404 inaiambia Google kwamba kurasa hazipo, nayo inaweza kuanza kuziondoa. Wekeni 503, "haipatikani kwa sasa", pamoja na heda (mstari wa maelezo unaotangulia jibu) ya Retry-After, inayotaja baada ya sekunde ngapi warudi.