Maswali ya Wafugaji: Sultani amesusa kula

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina mjusi ndevu, wale wa asili ya Australia, umri wake miaka miwili hivi. Tunamwita Sultani. Alikuwa mlaji hodari, lakini tangu tumhamishie kwenye tangi kubwa zaidi, yapata wiki mbili sasa, majani hagusi na nyenje anawatazama tu. Anashinda chini ya gogo, macho nusu yamefumba. Taa zote zinawaka, na kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo kinasoma nyuzi 31. Mume wangu anasema tumpanue mdomo tumlishe kwa bomba la sindano. Tufanye hivyo?
Mama Sultani

JIBU: Marahaba, Mama Sultani. Hilo bomba lirudisheni kabatini. Mjusi anayelishwa kwa nguvu anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni. Na hata kikifika salama tumboni, mwili ukiwa umepoa hakisagiki. Mjusi hategemei joto la mwili wake kama sisi, huliota kutoka nje. Tumbo lake bila joto ni chungu juu ya mafiga yasiyo na moto, ujaze utakavyo, hakiivi kitu. Ndiyo maana mtu akiniambia mjusi wake hali, siulizi kwanza anapewa nini. Nauliza anaota wapi, na hapo pana nyuzi ngapi.

Barua yako imenitia shaka hapo hapo. Tangi limekuwa kubwa, taa hujasema kama zilibadilishwa. Huenda jiwe la kuotea sasa liko mbali na balbu. Kipimajoto cha kubandika hupima hewa ya karibu na kioo, habari za jiwe hakina. Tafuta cha kidijitali chenye waya, ulaze ncha yake juu ya jiwe pale anapolala, uache mpaka namba itulie. Kwa mjusi mzima nataka nione nyuzi 38 hadi 42. Upande wa pili ubaki 24 hadi 28, apate pa kukimbilia. Namba ya juu ya jiwe ikipungua, inua jiwe au weka balbu yenye nguvu zaidi, ila asiweze kuigusa, ataungua.

Taa ya UVB nayo, ile inayompa miale kama ya jua, kuwaka kwake hakunithibitishii chochote. Miale hiyo hatuioni kwa macho, na hufifia miezi mingi kabla taa haijazima. Nyingi hubadilishwa baada ya miezi 6 hadi 12. Jua la dirishani usilitegemee, kioo huzuia UVB. Akiikosa hatengenezi vitamini D3, kalisiamu haifyonzwi, mifupa inalainika, na kususa kula ni mojawapo ya dalili.

Kama joto na miale viko sawa, basi inawezekana ni ugeni tu wa tangi. Funika pande tatu kwa karatasi, punguza kumshikashika, atazoea. Au anajivua ngozi. Au anaingia usingizi wa msimu wa baridi, jambo la kawaida kwa waliovuka mwaka mmoja, lakini usimwache alale kabla daktari hajahakikisha kwamba hana minyoo na tumbo halina chakula.

Utajuaje kama mambo ni mabaya? Mizani. Ile ya jikoni inayosoma gramu, mara moja kwa wiki, wakati ule ule wa siku. Mjusi mzima mwenye afya anaweza kupitisha wiki kadhaa bila kula uzito ukabaki pale pale, nami nalala usingizi wangu. Akipoteza asilimia 10, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia, ukiwa na kinyesi kibichi ndani ya kikopo kilichofungwa, kipimwe vimelea. Usingoje mizani ukiona miguu inatetemeka, taya limelainika, macho yamezama, kinyesi kina damu, au anahema mdomo wazi akiwa mbali na taa.

Na hebu, una hakika Sultani ni dume? Nimeshawaona akina Sultani wengi wakitaga. Jike hutaga hata asipokutana na dume, na siku za kukaribia huacha kula, akahangaika kuchimba. Akichimba, mpe sanduku lenye udongo mnyevu wa kina cha kutosha. Akichimba bila kutaga huku akizidi kulegea, hiyo ni dharura.

Kwa sasa weka majani mabichi kila asubuhi, taa zikishapata moto, na uyatoe yakinyauka. Spinachi ipunguze, inafunga kalisiamu. Parachichi asipewe kabisa, ni sumu. Nyenje asiowala watoe kabla ya usiku, maana humng'ata akiwa amelala. Ukiniandikia tena, nitajie mambo mawili: nyuzi za pale juu ya jiwe, na gramu zake.