Babu asema watu watatu hawawezi kukosea pamoja

SWALI: Assalaam aleikum ami, mimi msomaji wako wa Langoni, Lamu. Juzi usiku barazani hapo Mkunguni tulikuwa twapiga stori za kesi za zamani, nikawahadithia ile ya Oscar Slater, yule Mjerumani aliyehukumiwa kunyongwa kule Scotland mwaka 1909 kwa kuua bibi mzee halafu miaka chungu nzima baadaye hukumu ikafutwa. Babu akanikata kauli. Asema mashahidi watatu wote walimuonyesha kidole yeye, sasa watu watatu watakosea pamoja vipi? Eti yeye mtu akipita kichochoroni stima zimepotea amjua kwa mwendo tu. Baraza zima likamuunga mkono, nikabaki na kikombe changu cha kahawa. Nisaidie ami, manake kesho narudi.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Mpe babu salamu zangu toka Malindi na kwanza tumpe haki yake, hilo la mwendo si upuzi. Mtu uliyekua naye mtaa mmoja, umemuona akipita kila siku ya Mungu, utamjua hata gizani, na korti zetu Kenya zimelikubali hilo tangu kesi ya Anjononi mwaka 1980, kwamba kumtambua mtu unayemjua kuna uzito kuliko kumtambua mgeni. Lakini Slater, nani pale alikuwa amjua? Hakuna.

Sikiza ilivyokuwa. Tarehe 21 Desemba 1908, Glasgow, saa moja usiku, Bi Marion Gilchrist, bibi wa miaka themanini na ushei, yuko ndani. Mfanyakazi wake Helen Lambie ametoka kununua gazeti, dakika kumi hivi. Jirani wa chini, bwana Adams, akasikia vishindo akapanda kuangalia, na alipanda bila miwani yake, hilo liweke akilini. Lambie akarudi, akafungua mlango, mtu akatoka ndani anatembea taratibu kama mgeni wa heshima, kufika ngazini akachomoka mbio. Nje msichana wa miaka 14, Mary Barrowman, akapigwa kikumbo na mtu anakimbia. Basi, hao ndo mashahidi wako watatu na kila mmoja alimuona mtu kwa sekunde tu.

Sasa muulize babu walisema nini SIKU ZA KWANZA, manake hapo ndo kesi ilipo. Lambie na Barrowman walitoa sifa tofauti, hata koti si moja, mpaka polisi wakatangaza wanatafuta watu wawili! Halafu wakampata Slater kwa sababu ya tiketi ya rehani ya bruchi (pini ya mapambo) ya almasi, manake bruchi ya marehemu ilikuwa imepotea, na kumbe hiyo ya Slater aliiweka rehani kabla bibi hajauawa, yaani haikuhusiana kabisa. Ila yeye alikuwa ashapanda meli kwenda New York na polisi wakashikilia hapo hapo, mashahidi wakapelekwa huko kumtambua. Wale wasichana wawili walilala chumba kimoja melini safari nzima na wakaapa hawakuzungumza habari ya kesi. Wewe umeshaona wasichana wawili melini siku zote hizo wakanyamaza? Mimi sijaona.

Walipofika, Adams na Barrowman wakaonyeshwa picha yake kwanza, halafu Slater akapitishwa mbele yao kwenye korido katikati ya maafisa. Sasa hapo utamuonyesha kidole nani, afisa? Lambie akasema uso hakuuona, amemjua kwa mwendo (babu atafurahi hapa, mwache afurahi kidogo), lakini kesi ilipofika Edinburgh mwezi wa Mei akasema na uso aliuona. Adams yeye alikuwa muungwana, kila mara alisema anafanana naye sana, hakuapa kuwa ndiye. Na gwaride la utambulisho la Glasgow, pale mshukiwa anapopangwa mstari na wengine ili shahidi amchague? Walimpanga na askari kanzu na watu wa reli, mtu yuko wazi ni mgeni kati ya Waskoti, hata mimi hapa Malindi ningemchagua.

Kwa hiyo si macho matatu yaliyoafikiana. Ni picha moja imeingia vichwani mwa watu, na mtu akishaonyeshwa sura anaipachika kwenye kile kivuli alichokiona, na wala hadanganyi, ameamini kweli. Mimi nishawahi kumkimbilia mwanamke sokoni namwita dada, dada, ningeapa kwa Mungu ni dada yangu, akageuka, ni mke wa watu na mumewe yuko nyuma yangu amebeba samaki.

Ndo maana tangu 1953, kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema shahidi mmoja anaweza kutosha ila umpime kwa uangalifu mkubwa hasa kama mwanga na hali haikuwa nzuri. Na gwaride huku kwetu linataka watu wanane kwenda juu wanaofanana na mshukiwa umri, urefu na sura, na shahidi asiwe amemuona kabla. Lile la korido lisingepita.

Slater aliponea kamba siku mbili kabla, ikawa kifungo cha maisha, akakaa karibu miaka 19 mpaka Novemba 1927, mwaka uliofuata hukumu ikafutwa akalipwa pauni 6,000. Ila kesho jihadhari na kitu kimoja. Usiende ukasema korti ilitamka mashahidi walikosea, haikusema hivyo. Ilifuta kwa sababu jaji aliwaelekeza vibaya wazee wa baraza la korti (jury, raia wanaoamua kesi) kuhusu tabia na maisha ya Slater. Ukiteleza hapo babu atakushika, na atakuwa na haki.