Viwavi wa Muheza bado hai baada ya dawa: jibu

Ndugu yangu, usipulize tena leo. Unasema ni siku ya pili tangu upulize methoksifenozidi na viwavijeshi bado wanatembea kwenye mahindi, ukahisi umeuziwa dawa feki. Dawa hii haishambulii mishipa ya fahamu. Inaiga ekdisoni, homoni ya steroidi inayomwamuru mdudu ajivue gamba.

Homoni hiyo ikipanda, seli za ngozi hugawanyika na kuanza kutengeneza gamba jipya. Sharti ishuke ndipo kiwavi amalize kujivua. Kwenye seli zitakazokuwa mabawa, kiasi kidogo huchochea mgawanyiko, kingi huusimamisha. Na ajabu yake, mdudu hawezi kujitengenezea steroli, aina ya mafuta ambayo homoni hiyo hutengenezwa kwayo. Malighafi ya homoni anaitoa kwenye majani hayohayo anayokula.

Sasa dawa ikishaingia mwilini haishuki upesi, kiwavi anakwama katikati ya kujivua. Kesho asubuhi fungua moyo wa mhindi, yaani majani machanga ya katikati ya mmea. Tazama kichwa: gamba la zamani huwa limeachia, jipya limejitokeza nyuma yake. Kinyesi kibichi kikikosekana, wameacha kula na watakufa ndani ya siku chache. Kikiendelea kuonekana, mwite bwana shamba akushauri dawa ya kundi jingine.

Msimu ujao wahi viwavi wakiwa wadogo, na upulizie ndani ya moyo, jioni.