Kabla hujatia mkasi kwenye kanga ya mtu

Jana alasiri nimempokonya binti wa watu mkasi. Alikuja hapa barazani kwangu, Ngamiani, Tanga, na kikapu kimejaa kanga za bibi yake aliyefariki mwezi uliopita. Akakaa mkekani, akaikunja ya kwanza mara nne ili akate kwa mkupuo mmoja, akaweka juu yake kadibodi ya inchi tano. Nikamuuliza, "Nani kakupa hizi?" Akanijibu, "Zilikuwa kabatini, Bibi." Mkasi ulikuwa umeshafunguka.

Kila mwaka nawapata watatu wanne wanaotaka kujifunza mfarishi wa viraka. Cherehani wanaijua, wameshashona sare za shule na madera, wengine wana vibanda vyao sokoni. Nawapenda kama wajukuu zangu. Lakini makosa wanayofanya ni yaleyale, na mimi nimechoka kuyasema moja moja, kila mtu kwa wakati wake. Nayaandika yote hapa. Atakayekuja Jumamosi aje ameshasoma.

1. Loweka kwanza, kata baadaye. Kanga mpya ina kanji, na ukiikata na kanji yake, siku mfarishi unapofuliwa kila kiraka kinarudi kwa kiasi chake, uso wote unajikunyata kama embe mbivu iliyolala juani. Msiniambie "Bibi, hii nimeinunua jana, ni safi." Sizungumzii uchafu. Nyekundu na nyeusi ziloweke peke yake, mbadilishe maji mpaka yatoke meupe. Kama hamjui kitambaa ni pamba au ni polista, vuteni uzi mmoja mwuchome: wa pamba unanuka karatasi iliyoungua na unaacha jivu laini, wa polista unayeyuka ukawa kidonge kigumu. Wa polista rudisheni dukani au mshonee mapazia.

2. Robo inchi ni mali. Mwaka jana kuna mwanafunzi wangu alitaka mfarishi wa kitanda cha futi tano. Akapiga hesabu, inchi 60, viraka 12 vya inchi tano, mambo yamekwisha. Alipomaliza kuunga na kupinda kingo akapima akapata inchi 54. Akapima tena. Akailaumu futikamba, akaazima ya jirani, akapata 54. Kila kiraka kimeliwa robo inchi huku na robo kule, kwa hiyo cha tano kinabaki nne na nusu, mara kumi na mbili. Na hapo hata hatujazungumzia kuninginia pembeni. Sasa mdogo wake wa kiume anajifunika mfarishi ule, na analala vizuri sana.

Ila msiogope mshono. Kuna dada mmoja aliwahi kuniambia kwamba vitu vya kuunganishwa ni vya kimaskini. Nikamwambia leso yenyewe aliyojifunga kiunoni imezaliwa na mshono. Wazee wetu wa pwani, karne ya kumi na tisa, walinunua vitambaa vya kichwa vilivyochapwa, vile Wareno walivyoviita kwa jina tulilolifanya leso, vikiwa vimeungana kwenye jora. Wakakata sita, wakazigawa tatu tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu zikawa vazi moja. Wafanyabiashara walipoona wanawake wanavyopenda, ndipo wakaanza kuchapa kitambaa kizima. Hivyo unapounga viraka unafanya kazi ambayo bibi wa bibi yako aliifanya kabla kanga haijawa kanga.

3. Uliza mwenye nguo. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Mama yangu alifariki nikiwa na mtoto wa pili mgongoni. Dada yangu mkubwa alikuwa Maskati, ameolewa huko, hakuwahi maziko. Tulipoanua matanga, nyumbani tukabaki mimi na mjomba, na kasha la mama. Ndani ya kasha mlikuwa na kanga kumi na moja, zimekunjwa kwa mkono wake mwenyewe, na katika kila mkunjo asumini iliyokauka. Siku tatu nililipita kasha lile bila kuligusa. Siku ya nne likanijia wazo, na mpaka leo najua lilitoka kwenye mapenzi: nimshonee dada mfarishi wa kanga za mama, akija kwa arobaini akute umetandikwa.

Sikumuuliza mjomba, naye alikuwa chumba cha pili. Dada sikumwandikia. Simu ya Maskati siku zile ilitaka kupanga foleni posta, lakini barua zilikuwapo, na anayesafiri hakosekani. Sikuuliza kwa sababu nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza, na aliyepanga kushtukiza hapendi kuambiwa hapana.

Nilikata usiku, kwa taa ya chemli, watoto wamelala. Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Ya nane ilikuwa ya zambarau, pindo jeusi lenye korosho, na chini ya mji, ile sehemu ya katikati, jina lake: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nilikuwa nimeiona kiunoni mwa mama maisha yangu yote. Usiku ule sikuliona jina kama maneno, niliona rangi tu, na kadibodi yangu ya inchi tano. Mkasi ukapita baada ya JAPO. Ukapita katikati ya SIPATI, ukaiacha I peke yake upande wa pili. Jina zima likatoka vipande vitano. Na kwa kuwa mfarishi uliopangwa vizuri hauweki rangi moja pamoja, nikavitawanya, kimoja kichwani, kimoja miguuni, vingine pembeni.

Nilishona wiki nne. Niliujaza sufi ya mti wa uani kwetu, nikaudarizi kwa mkono. Kwa kazi ya sindano, ulikuwa mfarishi bora kuliko yote niliyowahi kushona kabla ya hapo.

Dada alifika siku mbili kabla ya arobaini. Tulilia, tukala, nikamwongoza chumbani. Akaupapasa mfarishi kwa kiganja, akasema, "Umefanya kazi, mdogo wangu." Kisha akafungua sanduku lake. Kutoka chini kabisa, ndani ya karatasi, ukitoka harufu ya udi, akatoa kanga ya zambarau, pindo jeusi lenye korosho, nzima.

Mimi sikuwa nikijua. Doti ile mama aliinunua siku dada anaolewa. Wakaikata katikati wao wawili, mama akapinda ncha zote kwa mkono, kipande kimoja kikavuka bahari na kimoja kikabaki Tanga. Jina walilichagua pamoja, kwa sababu dada aliolewa mbali na hawakujua wataonana lini. Kila mmoja alikuwa na chake kwa miaka yote ile. Dada alikuja na kipande chake ili usiku wa kwanza ndani ya nyumba ya mama alale amejifunika doti kamili.

Akaniambia, "Niletee mwenzake."

Sikuweza kusema kitu. Nikanyoosha kidole kitandani.

Akapiga magoti, akaanza kutafuta. Akaipata JAPO karibu na mto. Akaenda kwa kidole, kiraka kwa kiraka, mpaka miguuni, akaipata ATI. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningemkumbatia. Alikikunja kipande chake taratibu, akakirudisha kwenye karatasi, akatoka kwenda kulala na shangazi.

Asubuhi mjomba akaniita uani. Hakupaza sauti. Aliniambia, "Nguo za marehemu ni mali ya warithi, hata kitambaa cha kupangusia jasho. Mirathi haijagawanywa. Nani alikuhalalishia?" Hakuna aliyenihalalishia. Nilikuwa nimekata fungu la dada yangu, na fungu la kaka zangu wawili ambao hata hawakuwa wameliulizia, na nikaliita zawadi.

Nilifumua usiku nne kwa ncha ya wembe. Vipande vyote vitano vya jina nikavitoa. Nikataka kuviunga tena, na hapo ndipo nilipoielewa robo inchi kuliko nilivyowahi kufundishwa na fundi yeyote: nikiviunga kwa mshono wa kawaida, kila mshono unakula herufi. Basi nikatandaza kitambaa cha marekani, nikavikutanisha juu yake ncha kwa ncha, nikavishika kwa mkono, mshono mdogo mdogo kama wa kofia. Lilisomeka. Tundu za sindano ya kwanza zilibaki zinaonekana kandokando ya kila kipande, na I ya SIPATI ilikuwa imechanika kidogo. Dada alilichukua, akalilaza ndani ya kanga yake, akaondoka nalo Maskati. Alinisamehe kwa mdomo wake kabla hajapanda ndege, na kila Idi ananipigia. Mfarishi aliuacha. Nimeujaza marekani nyeupe zile nafasi tano na sikutaka kuweka rangi. Uko kabatini kwangu, na kila anayekuja kujifunza ninamtandazia siku ya kwanza. Binti wa jana ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza, ila alinitangulia.

Kwa hiyo: kanga za marehemu hazina "zilikuwa kabatini". Subirini mgawo. Ulizeni kila mwenye fungu, mmoja mmoja, na aliye mbali apigiwe, siku hizi simu ziko mikononi mwenu mchana kutwa. Muulize kama kuna kipande ambacho mwenzake yuko kwa mtu mwingine, kwa sababu kanga huuzwa doti na doti hugawanywa. Na hata mkiruhusiwa, jina likateni kwanza, zima, na ukingo wa kutosha juu na chini, liwe katikati ya mfarishi. Viraka vingine vitalizunguka.

4. Shikeni matabaka matatu, uso, kati ya sufi na bitana, kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kabla ya kudarizi, mkianzia katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni, mkunyanzi wote unakimbilia katikati na hauna pa kutokea.

5. Sindano namba 14 kwa kuunga uso, namba 16 mkishaweka kati na bitana. Ikianza kuruka mshono, badilisheni sindano kabla ya kumwita fundi wa cherehani.

6. Mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Haukati kamba ya katani wala bamia. Mkwe wangu ananielewa.

7. Kateni kwa kufuata mtande, nyuzi za urefu wa kitambaa. Hanamu, yaani mshazari, iacheni kwa utepe wa pindo, maana kiraka kilichokatwa hanamu kinavutika kila unapokishika na miraba yako haitakutana pembeni hata uiombee dua. Na pasi bonyezeni, inueni, bonyezeni. Msiiburute.

8. Muwe na mtu wa kuwatilia uzi. Hili mtacheka sasa, ila macho yenu hayatabaki hivyo. Mimi nina mjukuu wa miaka tisa, akitoka madrasa ananitilia uzi sindano ishirini, anazichomeka kwenye mto wa pini kwa mstari, halafu anataka aambiwe kila kiraka kilikuwa nguo ya nani. Namwambia. Hiki gauni la mama yako alipokuwa darasa la kwanza. Hiki kitenge cha harusi ya mjomba wako, tulishona sare watu thelathini na kitambaa kikatupungukia mkono mmoja. Hiki mbeleko yako mwenyewe. Juzi akaniuliza cha marekani nyeupe kilikuwa cha nani. Nikamwambia akae, tukakosa hata kusikia adhana ya magharibi.

Yule binti amerudi leo asubuhi. Jana usiku alimpigia shangazi yake wa Korogwe na mjomba wake wa Mombasa, na baba yake akakaa kikao na wadogo zake. Kati ya kanga nane wamempa nne. Shangazi amebakiza moja ambayo hataki hata ifuliwe, na mbili mjomba amesema ni za mabinti zake. Kulikuwa na moja hawakukubaliana, wameirudisha kabatini.

Nne zimetosha kuanzia. Tumeziloweka kila moja na beseni lake. Ya njano na ya bluu zimetoka safi, ziko kambani. Ya kijani maji ya pili. Nyekundu tumeibadilishia mara tatu na bado inachuja.